Kibali cha Dubai anacho, kwa nini Manila wamzuie?

"Shikamoo kaka. Mi ni mtoto wa Tanga, niko Dubai mwaka wa tatu sasa, tunakaa bedspesi Satwa wadada sita, wanne ni Wafilipino. Mmoja wao tumeshakuwa kama ndugu kabisa. Alikuja na viza ya matembezi, akapata kazi ya risepsheni kwenye kliniki, mwajiri akamchenjia viza, ana kibali cha kazi, ana ID, kila kitu. Sasa mama yake anaumwa, anataka kwenda Desemba wiki tatu. Wenzake wanamwambia ukienda hurudi, Manila watakuzuia eapoti sababu huna karatasi inaitwa OEC. Kuna jamaa Facebook anataka dirham 1,500 amtolee hiyo karatasi bila kwenda popote. Halafu kliniki inamkata 500 kila mwezi mpaka itimie 6,000, wanasema ni gharama za kibali. Kaka mi sielewi, kibali si anacho? Iweje nchi yake mwenyewe ndo imzuie? Na sisi mbona hatuna hiyo kitu? Hiyo 1,500 alipe au ni wizi?"

Marahaba dada yangu. Nianze na ya mwisho maana ndo ya haraka: asilipe. Hata dirham moja. Kama ameshatoa nusu asimalizie, na kama ameshamtumia huyo jamaa picha ya pasipoti basi aache kumjibu lakini meseji asizifute, zinaweza kuja kumfaa.

Haya, tuje kwenye kinachowachanganya. Ni hilo neno kibali. Kibali cha kazi kinatolewa na nchi unayokwenda kufanya kazi, kwa Dubai ni wizara yao ya kazi, MOHRE, au mamlaka ya friizoni, yani eneo huru la biashara, kama kliniki iko friizoni, kisha uhamiaji wanamalizia na viza ya ukaazi na ID. Kwa upande huo rafiki yako yuko safi. Kuja na viza ya matembezi ukatafuta kazi ukapata ukachenjiwa si kosa Imarati, kosa ni kuanza kazi kabla kibali hakijatoka, na siku hizi mwajiri anayefanya hivyo faini yake inaanzia dirham 100,000, tangu sheria ilipobadilishwa 2024.

OEC ni kitu kingine kabisa. Haitolewi na Dubai na Dubai hawaiulizi. Ni cheti cha serikali ya Ufilipino kinachosema huyu mtu anatoka nchini kwenda kufanya kazi, mkataba wake tumeuona, mwajiri wake tunamjua. Kwa hiyo kibali cha Dubai ni cha kuingilia, OEC ni ya kutokea. Rafiki yako hajawahi kukutana na huo mlango kwa sababu siku anatoka Manila alitoka kama mtalii, na mtalii haulizwi OEC. Sasa hivi si mtalii tena, ID yake inasema ana ukaazi wa kazi, akifika kwenye dirisha la uhamiaji Manila akaulizwa unakwenda Dubai kufanya nini, jibu la kweli ni kazini, na jibu hilo linafuatwa na swali moja tu: OEC iko wapi? Asipokuwa nayo anarudishwa nyuma, ndege inaondoka. Wenyewe wanaita kuofulodiwa. Kwa hiyo hao wenzake hawamtishi, wanamwambia kitu cha kweli, wamekosea pale tu wanaposema harudi.

Ulivyouliza "iweje nchi yake mwenyewe" nimesikia uchungu ndani yake, na wewe si wa kwanza, Wafilipino wenyewe wanalalamika sana. Lakini ukijua ilipotoka utaiangalia kwa jicho jingine.

Ufilipino ilianza kupanga kupeleka watu nje kama mpango wa serikali mwaka 1974, enzi za rais Marcos baba, kwenye sheria yao ya kazi. Sheria hiyo ibara ya 18 ilikataza mwajiri wa nje kumchukua Mfilipino moja kwa moja, lazima apitie ajensi yenye leseni au serikali yenyewe, isipokuwa mabalozi, mashirika ya kimataifa na wengine ambao waziri anawaruhusu. Halafu 1995 Singapore walimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani aliyehukumiwa kwa mauaji, na nchi nzima ikalipuka, watu barabarani wakiuliza serikali ilikuwa wapi huyu mama alipokuwa anahitaji mtu wa kumsimamia. Ile Machi kanyongwa, tarehe 7 Juni mwaka ule ule sheria ya 8042 ikasainiwa, sheria ya wafanyakazi wahamiaji. Na ndani ya hiyo sheria kuna kitu kimoja ambacho mi nakiheshimu mno: ajensi ya Manila iliyokupeleka inabeba deni pamoja na mwajiri wako wa nje. Yani bosi wa Riyadh au Dubai akikudhulumu mshahara akafunga kampuni akapotea, wewe unarudi zako Manila unamshtaki ajensi, analipa yeye. Hatafutwi Mwarabu aliyefunga duka, anashikwa mtu aliyeko mtaani kwenu mwenye leseni na dhamana aliyoweka serikalini. Mwaka 2010 wakaongeza na bima ya lazima kwa anayepelekwa na ajensi, akifa kwa ajali familia inapata dola 15,000, kwa ugonjwa 10,000.

Sasa umeona kwa nini hawataki mtu atoke kimya kimya? Aliyetoka kama mtalii hana ajensi wa kushikwa, hana bima, hayupo kwenye kompyuta ya wizara, likitokea jambo serikali inaanza kuuliza huyu ni nani na yuko kwa nani. OEC ndo kamba inayomfunga na serikali yake. Ni usumbufu, ni foleni, kuna wakati ni mateso kweli, ila haikutungwa kwa ajili ya kumkomoa. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya POEA, tangu sheria ya Desemba 2021 wameunda wizara nzima ya wafanyakazi wahamiaji, DMW, na ofisi zake za nje zinaitwa MWO. Akisikia mtu anasema POEA au POLO ni majina ya zamani tu, ofisi ni hizo hizo.

Tuje kwake. Kwa utaratibu wao rafiki yako anahesabiwa Balik-Manggagawa, maana yake mfanyakazi anayerudi kazini, ila hana rekodi. Hatakiwi kutafuta ajensi sasa hivi, wala kuanza upya kama mtu anayeondoka mara ya kwanza. Anachotakiwa ni kupeleka mkataba wake ukahakikiwe na MWO hapo hapo Dubai, kabla hajapanda ndege. Anaweka miadi mtandaoni, anaandaa pasipoti, viza na ID, mkataba uliosainiwa na mwajiri, leseni ya biashara ya kliniki na karatasi nyingine watakazomtajia wenyewe, maana orodha wanaibadilisha mara kwa mara, asifuate ile ya kabayan, yani Mfilipino mwenzake, wa mwaka juzi. Ada ya uhakiki ni dola 10, uanachama wa OWWA ambao ndo mfuko wao wa ustawi ni dola 25 na unakaa kwa miaka miwili. Jumlisha dola 35, kama dirham 130 hivi. Linganisha na 1,500 ya yule bwana.

Hapa nikae kidogo maana ndo pana shimo ambalo watu wengi wanatumbukia. Mi nimefanya kazi ya mandubu miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili ya watu kutoka dirisha hili kwenda lile, na nakumbuka dada mmoja wa Iloilo, Ufilipino, alikuja na mkataba mzuri kabisa, umeandikwa muuzaji dukani, mshahara dirham 3,000. Nikageuza karatasi ya kibali, kwa Kiarabu pale kwenye kazi imeandikwa mfanya usafi, na mshahara uliosajiliwa 1,200. Alikuwa hajui. Miezi kumi na moja anatembea na hiyo karatasi kwenye mkoba, hajui imeandikwa nini kwa sababu hakuna aliyemsomea. Ofisi ikakataa kuhakiki mpaka mwajiri arekebishe, na mwajiri akavuta miguu wiki tano. Kwa hiyo leo usiku mkiwa hapo bedspesi mchukue mkataba wa MOHRE, si ile ofa leta aliyotumiwa WhatsApp, ule uliosajiliwa, mwangalie vitu vitatu: jina la kazi, mshahara wa msingi peke yake bila posho, na jina la kampuni lifanane na lililopo kwenye viza. Wewe kama unasoma Kiarabu msaidie, wengi wa pwani tulisoma chuoni, herufi hazitupigi chenga. Kikitofautiana kitu, aanze kushughulikia sasa, si Novemba mwishoni.

Uhakiki ukishapita ndo anaomba OEC yenyewe kwenye mfumo wa DMW, na hapa tena aangalie tarehe. OEC inaishi siku 60 tu tangu itolewe, na siku inayohesabika ni ile anayotoka Manila kurudi Dubai, si ile anayotoka Dubai. Kuna watu wanaiwahi mapema kwa hamu, wanafika eapoti imeshakufa. Akiwa nayo hai anapita, tena hatozwi ile kodi ya safari ya peso 1,620 ambayo wenzake watalii wanalipa. Na habari njema ni kwamba usumbufu huu ni wa mara moja. Akishaingia kwenye rekodi, likizo ijayo akirudi kwa mwajiri yule yule na sehemu ile ile, mfumo unampa msamaha, anachapisha karatasi nyumbani, hakuna foleni. Akibadilisha mwajiri lakini, anarudi mwanzo, mkataba mpya unahakikiwa upya.

Je, kama mama akizidiwa kesho na uhakiki haujafanyika? Aende. Nasema kwa dhati, aende akamuone mama yake. Dubai hakuna atakayemzuia kutoka, na Ufilipino hakuna nchi inayomkatalia mwananchi wake kuingia. Ugumu uko kwenye kurudi, na unashughulikika, ila akiwa kule inabidi mtu wa kliniki au mandubu wao apeleke makaratasi MWO Dubai kwa niaba yake, kisha yeye aende na mkataba uliohakikiwa kwenye ofisi ya DMW kwa miadi. Inawezekana, watu wanafanya, ila inakula siku, na Desemba ndo mwezi ambao nusu ya Wafilipino wa duniani wako nyumbani na kila dirisha limejaa. Kwa hiyo akienda kwa dharura asikubali kuondoka Dubai bila barua ya likizo yenye nafasi ya kuongeza siku, iliyosainiwa, si maneno ya bosi mdomoni.

Nasisitiza hilo kwa sababu hasara ya kweli ya kuofulodiwa si tiketi. Sheria ya kazi ya Imarati, ile ya 2021, inamruhusu mwajiri kumfukuza bila notisi mtu asiyeonekana kazini zaidi ya siku saba mfululizo bila sababu ya maana. Sasa fikiria, likizo imeisha Jumapili, Jumamosi umezuiwa Manila, miadi ya DMW umepata ya siku tisa mbele. Kibali chako cha Dubai kinaweza kukufia mkononi ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye foleni ya nchi yako. Ndo maana wenzake wanasema "ukienda hurudi", hawajui tu kueleza kinachotokea katikati. Ukaazi wenyewe hauna shida, unakufa mtu akikaa nje zaidi ya miezi sita, na yeye ni wiki tatu.

Kuna njia nyingine atashauriwa na watu, ya kurudi anajifanya mtalii, anaonyesha tiketi ya kwenda na kurudi na hoteli ya uongo. Mi sitamshauri mtu hiyo. Zamani labda wengine walipita, ila ofisa anafungua pasipoti anaona mihuri ya Dubai mwaka mzima, anauliza swali la pili la tatu, ukishadanganya mara moja unapelekwa chumba cha pili na hapo hata ukweli wako hauaminiki tena. Ile OEC ya kishoka ndo mbaya zaidi, kwa sababu ofisa hatazami karatasi peke yake, anaipiga kwenye mfumo, na namba ambayo haipo haipo. Wewe sasa si mtu aliyesahau cheti, ni mtu aliyeleta cheti cha kughushi. Vishoka hao wakishikwa sheria yao ni kali kweli, ulaghai wa ajira ukifanywa na genge la watu watatu au ukiwapata wahanga watatu unahesabiwa hujuma ya uchumi na kifungo chake ni cha maisha. Ndo maana nikasema asifute meseji.

Hiyo 500 ya kila mwezi sasa. Hapo dada mi damu inachemka. Sheria ile ile ya 2021 ya Imarati inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka, gharama za kibali na viza ni za mwajiri. Haijalishi alisaini karatasi ya kukubali. Wengi wanasaini kwa sababu wako siku ya 55 ya viza ya siku 60 na wanaogopa faini, hiyo si hiari. Ana haki ya kulalamika MOHRE kwa app yao au simu, bure, na kwa dai dogo kama la 6,000 wizara yenyewe ina mamlaka ya kuamua bila kwenda mahakamani, kiwango chao ni dai lisilozidi dirham 50,000. Ikiwa kliniki ni ya friizoni aanzie kwenye ofisi ya friizoni hiyo.

Lakini nisikufiche, kuna mzani hapa. Karatasi za uhakiki anazihitaji kutoka kwa huyo huyo mwajiri, leseni, saini, barua ya likizo. Akimshtaki leo, kesho akamuombe leseni ya biashara, unajua itakavyokuwa. Mi ningekuwa yeye ningekusanya ushahidi kimya kimya, hati za mshahara zinazoonyesha makato, taarifa za benki, meseji, nikamalizana na uhakiki na safari, nikirudi ndo nikafungua lalamiko. Haki ya kudai haipotei kwa kusubiri miezi miwili. Mwingine atasema hapana, dhuluma isisubiri hata siku, na simlaumu. Aamue mwenyewe, yeye ndo anaijua hiyo kliniki na yeye ndo mwenye mama mgonjwa.

Ile ya mbona sisi hatuna. Kenya ajensi zinapewa leseni na NEA, mamlaka yao ya ajira, Tanzania kuna TaESA, wakala wa ajira wa serikali, na mawakala waliosajiliwa, kwa hiyo si kwamba hatuna chochote. Ila Mtanga au Mmombasa aliyechenji viza hapa akienda likizo kisha akarudi, sijawahi kuona anaulizwa mkataba wake eapoti ya kwao, anapita tu. Ni raha siku hiyo ya safari. Halafu likitokea la kutokea ndo tunachangishana WhatsApp usiku kucha kutafuta nani anamjua kafili wake, yani mdhamini wake, nani ana namba yake, mkataba wake ulisemaje. Nimeshashiriki michango hiyo mara nyingi mno dada yangu, kwa hiyo ninapoona foleni ya Wafilipino pale MWO siwaonei huruma kama watu wanavyodhani.

Kuna hali ambazo majibu yangu hayatoshi na inabidi aende mwenyewe kwa miguu yake MWO au konseli yao, yani ubalozi mdogo, na karatasi halisi, si picha za simu. Kama mwajiri ameshika pasipoti, hilo ni kosa na linaripotiwa. Kama kibali kimesajiliwa kwa kampuni moja na anafanya kazi nyingine. Kama kuna tetesi kuwa ameripotiwa mtoro. Na mmoja wa hao wanne hapo kwenu akiwa ni mfanyakazi wa ndani aliyeletwa na viza ya matembezi, huyo mwambie aende mapema kuliko wote, asifuate maelezo ya huyu wa kliniki, maana wa majumbani utaratibu wao ni mkali zaidi, lazima ajensi, na hatakiwi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi kabisa tangu 2006, mwaka huo ndo waliwawekea pia mshahara usiopungua dola 400. Ukali huo umekuja kwa damu, mwaka 2018 na tena 2023 Ufilipino ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa ndani wapya Kuwait baada ya wasichana wao kuuawa. Akiwa ameshafika Ufilipino na amekwama, namba ya msaada ya huko ni 1348.

Tiketi asinunue bado hata kama ziko ofa. Kwanza asome mkataba leo, kesho aweke miadi ya MWO, uhakiki ukitoka ndo akate tarehe ya kwenda na ya kurudi, halafu OEC aiombe akiwa ameshajua tarehe ya kurudi iko ndani ya zile siku 60. Mpe pole ya mama. Mkikuta jina la kazi kwenye kibali halifanani nitumie tu ule mstari wa Kiarabu ulivyoandikwa, jina lake na namba ya pasipoti mfunike, nitawasomea.